Dastani Alivyomdaka Mama Mkwe

Kama hujawahi kukaa kwenye ua wa watu huku mshenga anaeleza kazi yako, na wewe umekatazwa kufungua mdomo, mshukuru Mungu uendelee na shughuli zako. Dastani Zabroni wa Chiungutwa amekaa. Alikaa kwenye kigoda kifupi nyumbani kwa Mzee Anderson, kule Newala, magoti yamekaribia kidevu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, akasikiliza miaka kumi na miwili ya maisha yake ikisimuliwa na Mzee Nathanaeli, mtu ambaye mpira wa besiboli hajauona hata kwenye kalenda.

Tusimlaumu mzee wa watu. Alikuwa katekista mstaafu, na Masasi yote ilijua kwamba posa iliyopelekwa na Nathanaeli hairudi. Asubuhi hiyo, wakiwa wanapanda mlima kwa Probox ya kukodi, alikuwa amempa Dastani maagizo yake. Asiseme. Asicheke. Asinyooshe mkono kuchukua kitu hadi aambiwe. Na zaidi ya yote, mama mkwe akitokea, ageuze uso, akunje mikono, awe kama hakumwona, maana huko juu mkwe hatazamwi, sembuse kuguswa. Mtu aliyemgusa mkwe wake kabla hata hajakubaliwa, huyo arudi kwao akatafute mke kwingine.

"Kazi yako leo ni moja, mwanangu," alimalizia. "Usifanye kitu."

Hebu fikiria. Mtu amelipwa miaka kumi na miwili ili asiache kitu kikampita, leo anaambiwa akae aache kila kitu kipite. Dastani aliitikia ndiyo baba, akafuta viganja kwenye suruali. Alikuwa anamtaka Queen binti Anderson kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kama kumpata kulihitaji ageuke gogo, alikuwa tayari kuota uyoga.

Aliyekuwa anauliza maswali ni Mjomba Cyril, kaka yake Mama Queen. Kwenye nyumba ile, kama kwenye nyumba nyingi za huko, mtoto ni wa upande wa mama na neno la mwisho ni la mjomba. Mzee Anderson, baba mzazi, yeye kazi yake ilikuwa kununua mchele na kuitikia.

Mjomba akataka kujua kijana anafanya kazi gani. Mshenga akasema alikuwa anacheza mpira, huko Japani, kwa mkataba. Wa miguu? Hapana, wa mikono. Aa, wa wavu basi, kama wasichana wa sekondari. Hapana, huu una gongo. Wazee wakatazamana. Mshenga akaona maji yanazidi unga, akaamua kueleza taratibu: kijana huyu alikuwa anasimama uwanjani. Anasimama afanye nini? Anangoja mpira. Na mpira unakuja? Siku nyingine unakuja sana, siku nyingine hauji kabisa.

"Na siku usipokuja," Mzee Anderson aliuliza, na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu salamu, "analipwa?"

"Analipwa, Baba Queen."

Ua mzima uliguna. Jirani mmoja aliyekuja kusindikiza shughuli akauliza chini chini kama huko wanachukua na watu wazima.

Dastani alikuwa anaungua ndani kwa ndani. Kusimama! Nani alisimama? Acha nikueleze mimi, maana yeye alikatazwa. Alipokuwa sekondari pale Masasi mjini, alikuja mwalimu wa hesabu wa kujitolea, Mjapani, mwembamba, ana begi limejaa glovu za ngozi. Akawafundisha kwenye uwanja ulio chini ya vilima vya mawe, uwanja wenye changarawe nyingi hivi kwamba mpira ukitua hapa unarukia kule, wenyewe tu, kwa utashi wake. Waliokuwa na akili zao timamu walirudi kwenye mpira wa miguu. Dastani akabaki. Akapewa nafasi ya shotistopu, kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mpira uliopigwa na gongo unakujia ardhini kwa kasi kuliko bodaboda iliyokata breki kwenye mteremko wa Newala.

Watu wanadhani kazi ya mtu huyo ni mikono. Si mikono. Mwalimu yule alikuwa anawaambia kila jioni kwamba mpira haumngoji mtu afikiri, kwa hiyo fikiri kabla haujapigwa. Nani anakimbia? Anatoka wapi? Ukija kulia utampelekea nani, ukija kushoto utamwacha nani? Yote hayo uwe umeshaamua, halafu mkono ufuate. Mwenye mikono mizuri asiyejua kuamua, timu inampa maji ya kubeba.

Basi alipofika Japani kwa msaada wa mwalimu yule na kukuta uwanja laini kama meza, Dastani aliona kama anapumzika. Ilikuwa timu ndogo ya ligi ndogo, kwenye mji mdogo wa mvua nyingi. Asubuhi wachezaji wanavuna vitunguu kwenye shamba la mfadhili, jioni wanacheza mbele ya watazamaji ambao wengi wao ni bibi vizee wenye mito ya kukalia. Mshahara haukuwa wa kumtia mtu kichaa, lakini ulimwezekea mama yake nyumba ya bati Chiungutwa. Na aliipenda kazi ile, jamani. Aliipenda hata mwaka ule alioudaka mpira vizuri kabisa, kwenye mechi ya mwisho ya ligi, akaupeleka kwa mtu asiyestahili, wakashindwa. Bibi vizee walimpigia makofi ya kumfariji, naye alilia njia nzima hadi bwenini. Tangu hapo hakupeleka tena mpira kusikofaa, hadi goti lilipomwambia sasa basi. Timu ikampa maua na saa ya ukutani, akarudi nyumbani.

Nyumbani wakamuuliza amefunga magoli mangapi.

Kila mtu aliuliza hivyo. Mama yake, mchungaji, wauza mbaazi sokoni. Alipojibu kwamba mchezo ule hauna magoli, walimtazama kwa huruma wakabadili mazungumzo. Alikuwa anafundisha vijana wa shule mchezo ule jioni, mchana anapalilia mikorosho ya baba yake, na akaanza kuzoea kwamba miaka ile kumi na miwili aliichezea peke yake. Ndipo glovu yake ilipofumuka uzi, akaipeleka kwa fundi cherehani mmoja karibu na stendi ya Masasi. Fundi mwenyewe ni Queen. Queen aliigeuza ile glovu juu chini, akauliza ni kiatu cha mnyama gani. Dastani akaeleza. Akaeleza sana, maana alikuwa na njaa ya kueleza. Queen akaweka mkasi chini.

"Na ukishaudaka," akauliza, "unampelekea nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo, si Chiungutwa wala Masasi. Dastani alirudi kesho yake na shati la kutia kifungo, keshokutwa na suruali ya kupunguza, na zilipokwisha nguo mbovu akaichana nzima kwa mikono yake mwenyewe. Mwezi haukuisha, Queen akamwambia aache kumaliza nguo, apeleke mshenga kwao.

Ndiyo haya sasa. Uani kulikuwa na mtu mwingine wa kuogopwa, bibi yake Queen, mama wa Mzee Anderson. Bibi na mume wa mjukuu ni watani, na yule ajuza alikuwa anaujua utani wake hadi mwisho wa kamba. Alikuwa amekaa pembeni na tenga la mabibo, maana ulikuwa msimu wa korosho, anafyonza moja moja na kumwita Dastani mume wangu. Mara akasema mume wake amekondeana, Wajapani wamemlisha nini. Mara akasema hamwoni vizuri, ageuke kidogo. Dastani kimya, macho chini. Bibi alipoona utani hauitikiwi, akachukua bibo bivu, akamrushia ubavuni bila kusema.

Mkono ulitoka, ukalidaka, ukarudi gotini. Macho yenyewe hayakuinuka.

Bibi akacheka hadi akashika mbavu, akatangaza kwamba mume wake ana mikono ya tumbili wa shambani. Mzee Nathanaeli akamtupia Dastani jicho la kumchoma. Amekwambia nani upokee kitu? Dastani akaliweka bibo chini polepole kama yai, akajiapiza moyoni kwamba kikija kingine atakiacha kimvunje pua.

Hapo ndipo Mama Queen alipotoka jikoni na sufuria ya chai.

Mama Regina, maana ndilo jina lake la ubatizo, alikuwa mwanamke wa heshima, na mila alizishika kwa mikono miwili. Alijua mkwe yuko uani. Hivyo alijifunika kanga hadi shavuni, akageuza uso kabisa upande wa banda la mbuzi, akaja hivyo hivyo ubavu ubavu, sufuria inafoka mvuke, miguu inapapasa. Mkwe anaangalia chini, mama mkwe anaangalia mbuzi, na katikati yao kigoda cha mzee mmoja aliyeinuka kwenda kujisaidia. Umeshaona. Kila mtu pale aliona, isipokuwa mwenyewe. Mguu ukagonga kigoda, Mama Queen akaenda mbele, sufuria ikamtangulia kidogo na kuanza kuinamia miguu yake.

Alichofanya Dastani kilichukua muda wa kupepesa jicho. Alitoka kwenye kigoda kama aliyepigwa shoti. Mkono wa kushoto ukaipiga sufuria ikaruka ikamwagika kwenye mchanga, mbali. Mkono wa kulia ukamdaka Mama Queen. Ukamdaka barabara, akasimama wima, hakuanguka, hakuungua. Ila mahali palipodakwa ni kiunoni.

Hata mbuzi, nasikia, aliacha kutafuna. Mkono wa Dastani ulikuwa bado uko pale, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameganda, na mama naye ameganda, hadi Mzee Nathanaeli alipokohoa kikohozi cha mtu anayekabwa. Mama Queen akajifunika uso wote, akakimbilia jikoni. Ndani ya nyumba ikasikika sauti ya Queen ikisema Mungu wangu.

Sasa maneno yakaanza. Shangazi mmoja akasema tangu azaliwe hajaona. Mwingine akasema bora hata angemshika mkono, mkono una maelezo. Mjomba Cyril alisimama, akavaa kofia yake, na mtu mzima akivaa kofia kwenye shughuli ujue shughuli imekwisha. Akasema anawashukuru wageni kwa kuja, barabara ya kurudi Masasi wanaijua.

Hivi hivi tu, Queen anaondoka. Dastani alimtazama mshenga wake, na Mzee Nathanaeli, ambaye posa zake hazirudi, akapiga magoti kwenye mchanga wenye chai.

Akaomba kusema moja tu. Akauliza: mtu akipiga chafya mbele ya mkwe wake, anatozwa faini? Mjomba akafikiri, akasema hatozwi, chafya haina mwenyewe. Ahaa, akasema mshenga, basi na mikono ya kijana huyu ni chafya. Ameitumikisha ugenini hadi imeharibika. Kitu kikianguka karibu yake mikono inatoka yenyewe, yeye hana habari, ni kama ugonjwa. Si mmeona bibo la Bibi? Alikuwa anaangalia chini. Je, alitaka kulidaka?

Wazee wakaanza kunong'ona. Dastani alitamani ardhi ipasuke. Ugonjwa! Kazi iliyomfanya alie njia nzima kwa uamuzi mmoja mbaya, leo imekuwa chafya. Lakini dirishani aliona pazia limesogea na jicho la Queen limesimama pale, akameza mate, akainamisha kichwa kama mgonjwa.

Bibi ndiye aliyetoa njia. Akasema maneno hayana maana wakati mabibo yapo. Huyo mume wake akae, watu wamrushie bila taarifa, huku na huku. Akidaka yote, ni kweli ana ugonjwa, asamehewe. Akiacha hata moja, basi mikono ile ina akili, ilijua inashika kiuno cha nani. Mjomba Cyril akaona kuna haki ndani yake. Akavua kofia. Na nisiwe mnafiki, kulikuwa na sababu nyingine pia: pilau lilikuwa linanukia jikoni, na pilau la posa haliliwi kabla neno halijaisha.

Wakamweka Dastani katikati ya ua, mikono magotini. La kwanza lilitoka kwa shangazi, legevu, akalidaka. La pili likatoka nyuma ya banda la mbuzi, akalidaka kwa kuinama. Majirani wakasogea. Mwenye bodaboda akapaki, akaomba naye arushe. Mabibo yakaja mekundu na ya njano, ya juu, ya chini, ya kudunda kwenye mizizi, na Bibi, ambaye dini ilimpita kidogo kwenye mambo ya ushindani, akarusha mawili kwa pamoja na kisha akamrusha kuku. Dastani akayadaka mawili, kuku akamdaka kwapani. Maji ya bibo yakamwagika kwenye lile shati jeupe, na doa la bibo unalijua, halitoki hadi shati lenyewe litoke duniani.

Ua ulilipuka kwa vigelegele. Mzee Anderson alikuwa amesimama juu ya kigoda chake akishangilia kama mtoto. Na Dastani, Mungu amsamehe, alisahau kesi. Goti haliumi. Changarawe ya Newala inarusha bibo kama ile ya Masasi ilivyorusha mpira, naye anajua kila moja litaangukia wapi kabla halijatua. Hakuwahi kupata watazamaji kama wale, hata siku moja.

Tenga likabakiwa na bibo moja. Bibi akaingia ndani, akamtoa Queen kwa kumvuta mkono, akamkabidhi. Mtupie mumeo, akamwambia, tumalize watu wale. Queen alikuwa na macho mekundu. Alisimama hatua chache tu kutoka kwa Dastani, akavuta pumzi, akalirusha kwa upole wote aliojaliwa, juu, polepole, bibo ambalo hata kipofu angelipokea kwa kofia.

Wakati huohuo mlango wa jikoni ukafunguka, Mama Queen akatokea na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia vigelegele, na pilau lilikuwa linaanza kushika ukoko.

Dastani alimwona. Alimwona mama, aliliona bibo, aliona wapi litashukia. Akageuza uso, akakunja mikono, akaangalia chini. Bibo likaja kwa adabu zote likampasukia sikioni, pwaa, maji yakateremka shingoni hadi kolani.

Hakuna aliyecheka. Queen aliweka mikono yote miwili mdomoni.

Mjomba Cyril akaja taratibu, mikono nyuma, akasimama mbele yake. Hakuwa mtu mbaya Mjomba Cyril, na sauti yake haikuwa na furaha alipouliza.

"Hilo uliliona?"

Mshenga akawahi kusema kijana amechoka, jua kali, lakini mjomba akainua kiganja. Akasema leo anampa ruhusa ya kufungua mdomo, aseme mwenyewe.

"Nililiona, mjomba."

"Ukaliacha."

"Nililiacha. Mama alikuwa ametoka."

"Kwa hiyo mikono yako inakusikia. Na asubuhi, kwenye chai? Ilikusikia?"

Hapo ndipo penyewe. Dastani alijua jibu la kumpatia Queen ni lipi. Aseme hapana, asubuhi ilikuwa chafya, sasa hivi ni uchovu, wazee wana njaa na huenda wakakubali. Akamtazama Queen. Akaliona lile bibo kwenye mchanga. Na akashindwa, jamani. Alishindwa kusema kwamba alichokifanya asubuhi kilijifanya chenyewe.

"Ilinisikia, mjomba. Mimi si mgonjwa. Mama alipojikwaa, niliona mambo mawili, mila na ile sufuria. Nikajua nikimshika nimemkosa Queen. Nikajua nisipomshika, ataungua miguu yote miwili. Nikaamua. Ndiyo kazi niliyokuwa naifanya huko, mjomba, kuamua. Na kesho akijikwaa tena, nitamshika tena."

Mzee Nathanaeli alifunika uso kwa kofia yake. Posa yake ya kwanza kurudi. Mjomba Cyril alitikisa kichwa taratibu, akageuka kwa wazee wenzake, na ilionekana anatafuta maneno ya kumaliza bila kumdhalilisha mtu. Alikuwa bado anayatafuta mwiko ulipogonga mlango wa jikoni.

Mama Queen alikuwa anavuka ua. Kanga ilikuwa mabegani, uso wazi. Hakusema na Dastani, mila hairuhusu, alisema na kaka yake, lakini kwa sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia.

"Kaka Cyril, tangu asubuhi kiuno changu mnakizungumza kama cha marehemu. Kuna mmoja wenu aliyeingia jikoni kuniuliza kama nimeungua?"

Wazee wakaangalia vidole vyao vya miguu. Mzee Anderson alishuka kwenye kigoda.

Mama Queen akaendelea hadi alipokuwa Dastani. Dastani akageuka upande mwingine kama alivyofundishwa, na mama akamshika bega, akamgeuza kwake kama unavyomgeuza mtoto unayemwogesha. Akachukua pindo la kanga yake, akalilowesha kwa mate, akaanza kumfuta sikio. Alimfuta sikio, akamfuta shingo, akakunjua kola akafuta na pale, bila haraka, mbele ya mashangazi wote waliokuwa wamekaukiwa na pumzi. Dastani alifumba macho, kwa kuwa hakuna aliyemwelekeza ayaweke wapi. Machozi yakamtoka hivyo hivyo, macho yamefumbwa, na mama akayafuta pamoja na maji ya bibo.

Alipomaliza, alilishika bega lile lile, akamtazama kaka yake.

"Haya, Kaka. Sasa tumeshikana wote wawili. Mtamtoza nani?"

Mjomba Cyril akaita ndani waletewe maji ya kunawa, pilau liliwe, na mgeni aanze.